Kitanda cha Adventina

Mimi ni dereva mstaafu, jina langu Nyanda. Kwa miaka sita niliendesha gari la wagonjwa la shirika moja la misaada wilayani Ngara. Watu wakijua nilikuwa huko miaka ile ya wakimbizi, hutaka niwasimulie habari za daraja na umati uliovuka. Hayo wengi wameshayasimulia. Mimi nina habari ya mtu mmoja tu, Adventina binti Ansbert, fundi wa springi, na naisimulia kwa kuwa nilikuwa nyuma ya usukani siku aliyofanya kazi ambayo sijaona fundi mwingine akiifanya.

Adventina alizaliwa Nyantakara, Biharamulo, katika nyumba ya mhunzi. Mzee Ansbert alifua majembe, visu na mashoka, na watu walitoka mbali kuyafuata. Kwa desturi ya wahunzi wa kule, mwanamke hakukaribia tanuru. Lakini mzee alijaliwa mabinti wanne mfululizo, na kiuno kilipoanza kumsumbua alimwita huyu wa tatu, akamkalisha kwenye mivukuto ya kupulizia moto. Majirani walimwambia chuma chake kitapasuka. Chuma hakikupasuka, na binti hakuondoka pale. Alipofika umri wa miaka kumi na mitano alikuwa anasoma moto kama wengine wanavyosoma gazeti. Alijua chuma kikipata rangi ya majani makavu ya mgomba ni cha kisu, na kikifika rangi ya shingo ya njiwa ni cha kitu kinachotakiwa kupinda na kurudi bila kuvunjika.

Mwaka 1994 wakimbizi walipomiminika Ngara, malori ya chakula yalifuata nyuma yao kwa mamia, na mashirika yakafungua karakana. Adventina alikuja kuomba kazi akiwa na miaka ishirini na minne na cheti cha darasa la saba. Mkuu wa karakana yetu, bwana mmoja mkali aitwaye Anatoli, alimpa ndoo ya dizeli na brashi, aoshe vipuri.

Barabara zilikuwa zinatuua. Lami ya kutoka Lusahunga ilikuwa imefumuka kwa uzito wa malori, na njia za vumbi za kwenda makambini zilikuwa na mikunjo kama bati la nyumba. Kila asubuhi gari mbili au tatu zililala chini kwa springi zilizokatika. Vipande vilirundikwa nyuma ya karakana. Siku moja nilimkuta Adventina amechuchumaa kwenye rundo lile, kipande mkononi, anakigeuza juani.

"Unatafuta nini, dada?" nilimuuliza.

"Hiki kilipozwa vibaya, kaka Nyanda. Tazama hapa kilipokatika. Chembe zake kubwa kama chumvi ya mawe. Chuma cha springi kikikatika kinatakiwa kionyeshe chembe laini."

Bwana Anatoli alikuwa anapita. "Wewe uliajiriwa kuosha," alisema.

"Ndiyo, bosi. Naomba unipe kimoja tu nikioshe kwa moto."

Mafundi walicheka. Yeye hakucheka, aliendelea kumtazama bosi usoni mpaka bosi akampungia mkono, maana yake chukua uondoke. Jumapili ile alijenga tanuru dogo kwa udongo nyuma ya karakana, akashona mvukuto wa ngozi ya mbuzi, akakichoma kile chuma, akakizamisha kwenye oili chakavu, akakipasha tena taratibu hadi rangi ya shingo ya njiwa. Kilifungwa kwenye lori langu, maana wakati huo nilikuwa bado wa malori. Zile zilizonunuliwa zilikuwa zinamaliza wiki tatu. Hiki kilimaliza miezi minane, na lori ndilo lililoanza kuchoka. Kabla mwaka haujaisha, Adventina alikuwa na banda lake mwenyewe na mafundi wawili chini yake, na madereva wa mashirika mengine walikuja kupiga foleni mlangoni kwake.

Mimi nikahamishiwa gari la wagonjwa. Hapo ndipo nilipomfahamu mzee Sindayigaya.

Alikuwa Mrundi wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Aliishi kambi ya Lukole. Kliniki ya kambi ilimtumia kama mkalimani, akawa anapanda nami kuwasindikiza wagonjwa hospitalini. Ilinichukua muda kujua kwamba kwao alikuwa mhadhiri wa uhandisi, na kwamba alikimbia na mkoba mmoja wenye karatasi za utafiti wa miaka saba. Mkoba ule ulibaki mtoni.

Siku moja mwaka 1996 tulimbeba mzee aliyevunjika paja. Kila gari lilipogonga shimo mzee yule alipiga ukelele, halafu akaomba radhi kwa kupiga ukelele, halafu akapiga tena. Tulipomshusha, Sindayigaya alibaki amesimama, mkono wake juu ya bodi ya gari.

"Utafiti wangu ulikuwa juu ya hili hili," alisema. "Gari lisimtikise aliye ndani. Miaka saba nimelifikiria jambo hili, na leo nimekaa pale nimemshika mkono tu."

Nikamwambia, "Mzee, twende nikuonyeshe mtu."

Nilimpeleka bandani. Adventina aliweka nyundo chini, akajifuta mikono. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Naambiwa wewe unakijua chuma."

"Nakijua kidogo."

Mzee alichukua kipande cha mkaa, akapiga magoti, akachora kwenye sakafu ya saruji. Mstari mmoja wa kulala, mwingine wa kusimama, ikakatana. Huu wa kulala, alieleza, unaonyesha kitanda cha mgonjwa kiko mbali kiasi gani na mahali pake. Huu wa kusimama unaonyesha kinakwenda kwa kasi gani. Kisha akachora wa tatu, ulioinama, ukipita pale katikati.

"Huu ndio mlango wa kurudia nyumbani," alisema. "Kitanda kikiwa upande huu wa mstari, unakisukuma hivi kwa nguvu zako zote. Kikiwa upande ule, unakisukuma vile. Hakuna nusu nusu. Kikishaufikia mstari hakiwezi tena kutoka, maana kila kikitoka kinasukumwa kurudi. Kinateleza juu yake mpaka katikati, kinatulia."

Adventina aliufuata mstari ule kwa kidole. "Na mgonjwa akiwa mzito?"

"Kinateleza."

"Barabara ikiwa mbaya kuliko ulivyopiga hesabu?"

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Kinateleza. Hesabu nyingine zinataka ujue kila kitu kwanza, uzito, barabara, umri wa springi. Hii inakubali kwamba hujui. Ndiyo maana niliipenda."

Bwana Anatoli hakuipenda. Alisema karakana si chuo, na mkimbizi hana ruhusa ya kufanya kazi nje ya kambi. Adventina alimjibu kwamba haombi saa za kazi, anaomba chuma chakavu na Jumapili. Alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya kambi mara nne, hadi mzee akapewa kibali cha kutoka Jumapili, arudi kabla ya saa kumi jioni. Kila Jumapili kwa miezi mitano nilimfuata na kumrudisha, na katikati nilikaa nao. Kwa hiyo niliyaona yote.

Walianza na kitanda, si gari zima. Adventina alisokota springi nne laini kwa fimbo ya chuma, kitanda kikakaa juu yake kikiongozwa na mabomba manne kwenye pembe. Peke yake kilikuwa kinaelea vizuri, lakini kikishaanza kuruka hakikujua kuacha. Kwa hiyo wakaweka shokapu moja kubwa chini yake, na pembeni mwa shokapu wakatoa bomba dogo lenye vali. Vali ikifunguliwa, oili inapita kirahisi, shokapu inalegea kama haipo. Ikifungwa, shokapu inabana kitanda kwa nguvu. Mzee alisema mfumo kamili ungetaka pampu ya kusukuma na kuvuta. Hatuna, alisema, sisi tutabana na kuachia tu, na tutachagua vizuri wakati wa kubana.

Kwanza vali ile ilikuwa na mkono wa chuma. Nikaendesha gari kwenye njia ya kijiji cha Murukulazo, Adventina amekaa chini nyuma, kiganja cha kushoto kwenye fremu ya kitanda, cha kulia kwenye mkono wa vali, mzee akimwelekeza. "Kinatoroka kwao, bana! Kinarudi polepole, achia! Kinarudi kwa pupa, bana!" Saa ya kwanza alichelewa kila mara. Jumapili ya tatu mzee aliacha kusema, akakunja mikono, akawa anamtazama tu.

Lakini mkono wa mtu huchoka, basi wakatafuta wa umeme. Mzee aliomba redio mbovu kambini. Kile kitufe cha kuzungusha cha kuongezea sauti alikifunga kwenye kitanda, kikawa kinapima kitanda kimesogea kiasi gani. Spika aliigeuza kazi: badala ya umeme kuitikisa, mtikisiko wa kitanda uliitikisa spika nayo ikatoa umeme, kadiri ya kasi. Vipimo hivyo viwili alivijumlisha kwa transista chache kwenye kibao alichokilehemu mwenyewe. Jibu likiwa upande mmoja wa ule mstari wa mkaa, swichi inafunga vali. Likiwa upande wa pili, inafungua. Kwa kuvuta vali Adventina alitumia kile kifaa cha sumaku ya umeme kinachokata dizeli ili injini ya lori izimike. Vilikuwepo vingi kwenye chuma chakavu.

Siku ya kwanza kilipowashwa tuliweka beseni la maji juu ya kitanda. Nikaenda mita mia mbili. Nyuma kukasikika ta-ta-ta-ta-ta kama cherehani. Maji hayakumwagika, lakini uso wake wote ulikuwa unachemka kwa mtetemo, na swichi ilinuka kuungua.

Mzee alikaa kwenye ngazi ya gari. "Huu ndio ugonjwa wake," alisema. "Kwenye mstari, swichi inabadilika upande mara mia kwa sekunde. Dawa yake ninaijua kwa karatasi. Karibu na mstari usibane kwa nguvu zote, ulainishe. Lakini inataka vifaa ambavyo sina, na siwezi kuvipata hapa."

"Kulainisha tu?" Adventina aliuliza.

"Kulainisha tu."

Adventina aliifungua vali, akatoa kizibo chake. Kilikuwa bapa, kikifunga kinafunga pa! Alikwenda nacho kwenye tanuru. Jumapili iliyofuata alirudi na kizibo kingine, kirefu, chenye ncha kama ya penseli, na nyuma yake kibeseni kidogo cha oili cha kukichelewesha. Kikiingia, tundu lilizibwa kidogo kidogo. Kikitetema karibu na katikati hakikuwahi kufunga wala kufungua kabisa. Tukaweka beseni, nikaendesha mpaka Murukulazo na kurudi. Ile ta-ta-ta haikusikika tena. Maji yalikuwa yamelala kama ya kisimani.

Mzee Sindayigaya alivua miwani. Alisema maneno kwa Kirundi ambayo sikuyaelewa, kisha kwa Kiswahili: "Nilihitaji sura nzima ya kitabu kwa jambo hili. Wewe umelifanya kwa tupa."

Bwana Anatoli alikuja kuliona beseni. Alitoa ruhusa kitanda kibaki kwenye gari langu "kwa majaribio", na akasisitiza mkono wa zamani usiondolewe. Kwa hilo namshukuru.

Mvua za mwisho wa mwaka 1997 wenyeji wanazikumbuka. Hazikuacha. Makalvati ya barabarani yalichukuliwa na maji, lami iliyobaki ikamenyeka kama ganda. Januari, kule Murukulazo, ukuta wa tofali mbichi ulimwangukia mama mmoja akiwa anatoa mbuzi bandani. Alikuwa anaitwa Nyirabahizi, mama wa watoto watano, wa ukoo wa Kinyarwanda uliohamia hapo tangu zamani na kulima kama wenyeji wengine. Mume wake Protasi na majirani walimfunga kwenye ubao na kumbeba kwa miguu mpaka hospitali.

Daktari alitueleza nje, mimi, Protasi na Adventina aliyekuwa amekuja kukagua kitanda. Pingili ya mgongo ilikuwa imevunjika, na kipande kilisimama pembeni kabisa ya uti, lakini uti haujakatika. Vidole vya miguu bado vinasikia. Kulikuwa na daktari bingwa wa mifupa aliyekuja Biharamulo kwa wiki moja, na kesho ilikuwa siku yake ya mwisho.

"Anaweza kufika?" Protasi aliuliza.

"Kufika atafika," daktari alisema. "Sijui kama atafika na miguu yake. Akitikiswa vibaya mara moja, basi."

"Nitakwenda mwendo wa kinyonga," nilisema.

Daktari akatikisa kichwa. Njia ya Biharamulo ilikuwa na majambazi wakati ule, na magari yote yalikwenda kwa msafara na polisi, asubuhi. Nilikwenda kumwona mkuu wa msafara. Alinisikiliza vizuri, akasema ana malori ishirini na mbili na watu wake wachache. "Hakuna gari litakalobaki nyuma, dereva. Tukikuacha nyuma, huyo mama hatatikiswa na barabara, atashushwa na majambazi. Mwendo ni wa wote."

Nilirudi kuwaambia. Adventina alikuwa ameshapanda nyuma ya gari, anakaza nati.

"Nakwenda nanyi," alisema.

Kesho yake tulitoka saa mbili asubuhi. Nyirabahizi alikuwa amefungwa kwa shuka kitandani, mume wake amekaa upande wa kichwa, Adventina upande wa miguu. Mzee Sindayigaya hakupata kibali cha kuvuka wilaya, lakini alifika njiapanda kwa miguu kutuaga. Hakusema kitu juu ya hesabu. Alipanda nyuma, akaweka kiganja juu ya kibao chake cha transista, kama mtu anayempima mtoto homa, akashuka.

Mpaka Nyakahura mambo yalikwenda. Nilikuwa natazama barabara na kioo kwa zamu. Gari lilikuwa linaruka, usukani unanipiga mikono, na kule nyuma kitanda kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Nyirabahizi alikuwa anazungumza na mumewe habari za mbuzi.

Karibu na Lusahunga barabara ilikuwa imekatwa na maji. Malori yalipita, nami nikapita, maji yakaingia mpaka sakafuni. Tulipopanda upande wa pili nilisikia harufu ya waya ulioungua, kisha Adventina akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka Nyanda, kibao kimekufa."

"Nisimame?"

Mbele yangu lori, nyuma yangu lori, honi. Na mbele yetu njia ya vumbi, sasa tope na mawe, mpaka Biharamulo.

"Usisimame. Niko kwenye mkono."

Kwenye kioo nilimwona amepiga magoti, bega lake limebanwa kwenye bodi ya gari, kushoto kwenye fremu, kulia kwenye vali. Shimo la kwanza nililiona mapema, nikapiga kelele, "Shimo, kushoto!"

Kitanda kiliruka kidogo. Nyirabahizi alivuta pumzi kwa meno.

"Usinitangazie!" Adventina alisema. "Ukinitangazia natangulia, nabana kabla ya wakati. Wewe endesha. Kitanda chenyewe kitaniambia."

Nikafunga mdomo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile, kuona shimo na kunyamaza. Nilimwona amefumba macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa unakwenda na kurudi, si kwa haraka wala kwa nguvu, na kila ulipokwenda nilihisi gari likigonga chini yangu na kuona shuka ya mgonjwa imetulia. Baada ya muda Protasi alianza kumpangusa jasho lisimwingie machoni. Alifanya hivyo bila kuombwa, zamu kwa mkewe, zamu kwa fundi.

Nyirabahizi alimwuliza, "Dada, umechoka?"

"Sijachoka. Niambie, vidole vinasikia?"

"Vinasikia."

Kila baada ya kilima alimwuliza tena, na kila mara mama alijibu, "Vinasikia." Safari ile ilituchukua saa mbili kasoro kutoka Lusahunga. Naweza kuapa sikusikia neno jingine kutoka kwa yeyote.

Hospitalini wauguzi walipofungua mlango, Adventina hakuweza kuachia vali. Vidole vilikuwa vimejifunga. Daktari bingwa, mtu mfupi mwenye haraka, alipanda ndani, akachoma nyayo za mgonjwa kwa sindano. Kulia, kushoto. Nyirabahizi akasema "Hapo! Na hapo!" kwa hasira hasa. Daktari akacheka. Kisha akamwona Adventina bado yuko magotini, akaketi kando yake na kuanza kumnyoosha kidole kimoja kimoja. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye chuma.

"Nani alikuwa anakishikilia hiki kitanda?" aliuliza.

"Ni mimi," Adventina alisema. "Kwa kawaida kinajishikilia chenyewe."

Walimfanyia upasuaji siku ile ile. Mwezi wa nne nilikuwa karakana nikibadili tairi, mama mmoja akaingia getini akitembelea fimbo, kikapu cha mihogo kichwani kwa mumewe. Mafundi wote wakaacha kazi. Bwana Anatoli alitoka ofisini, akamtazama yule mama anavyovuka uwanja hadi kwenye banda la springi, hatua kwa hatua, akavua kofia. Jioni alimwita Adventina akamwambia aandike orodha ya vitu anavyohitaji kwa vitanda vingine vitatu, na akaongeza kwamba mzee Sindayigaya ataombewa kibali cha kila siku.

Vitanda vitatu vilitengenezwa, na kibao cha kila kimoja kilikaa ndani ya kopo lililozibwa maji yasiingie. Wakaja wageni, wahandisi wawili kutoka makao makuu ya shirika. Walimwomba mzee mchoro. Alikuwa ameuchora upya wote, na hesabu zake zote kutoka kichwani, nyuma ya fomu za mgao wa chakula, karatasi arobaini na moja. Pale juu pa kuandika jina la mbunifu palikuwa na majina mawili, na la kwanza lilikuwa la Adventina. Mgeni mmoja alidhani ni kosa.

"Si kosa," mzee alisema. "Mimi nilikuwa na mstari. Yeye ndiye aliyeufanya ushikike."

Wakamwuliza Adventina alisomea wapi. Alisema kwa Ansbert wa Nyantakara. Yule mgeni akaandika jina hilo kwenye daftari lake kwa heshima, akidhani ni chuo, na hakuna aliyemsahihisha. Mzee Ansbert alipohadithiwa alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaomba ahadithiwe tena.

Sindayigaya alirudi kwao amani ilipokuja, akarudi kufundisha. Adventina alifungua karakana yake Lusahunga, pale pale magari yanapoachana, na malori ya nchi nne husimama kwake. Ana mafundi kumi na mmoja, wanne kati yao wanawake. Kiganja chake cha kulia kina kovu laini linalong'aa, na haoni haya kumpa mtu mkono.

Mwaka juzi mimi na Adventina tulialikwa Murukulazo, harusi ya binti kitindamimba wa Nyirabahizi. Tulitaka kukaa nyuma. Mama mwenye shughuli akaja mwenyewe, hana fimbo tena, akamshika Adventina mkono akampeleka kwenye viti vya wazazi wa bibi harusi. Mshereheshaji akauliza amtambulishe kwa cheo gani, shangazi au mama mdogo, au nani. Protasi akachukua kipaza sauti.

"Mtambulishe fundi," alisema. "Huku kwetu inatosha."

Ngoma ikaanza, na Nyirabahizi akaingia uwanjani. Kucheza kwao ni kwa mikono iliyotandazwa na miguu inayopiga ardhi, mgongo umenyooka. Alicheza wimbo mzima, akaongeza mwingine. Nilimtazama Adventina. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anatazama miguu ile inavyopiga vumbi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeijua thamani ya kazi yake.